Sidney Poitier: Mwigizaji Aliyejifunza Kusema Upya

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi habari za waandishi, washairi na wanaisimu. Safari hii tumeona vyema tumzungumzie mtu wa sinema, tena wa sinema ya Hollywood. Huenda wapo watakaouliza mwigizaji wa Marekani ana uhusiano gani na idara inayofundisha Kiswahili. Jibu letu ni kwamba Sidney Poitier, aliyefariki dunia tarehe 6 Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 94, alikuwa mwanafunzi wa lugha kabla hajawa mwigizaji. Alianza akiwa amechelewa, na matamshi yake yalimfukuzisha mlangoni. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda, mbali na pwani, tunamfahamu mwanafunzi wa aina hiyo. Tunakutana naye kila mwaka.

Kilichotufanya tumkumbuke Poitier ni jambo dogo lililotokea darasani. Mwanafunzi mmoja alikuwa akisoma aya kwa sauti, akatamka "balabala" mahali pa "barabara", kama wanavyofanya wengi ambao katika lugha yao ya kwanza sauti hizo mbili ni kama kitu kimoja. Wenzake walicheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya, lakini baada ya siku ile mwanafunzi huyo hakujitolea tena kusoma kwa sauti mpaka muhula ukaisha. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lipitishe mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima mashuleni, wanafunzi kama huyu wataongezeka, nasi bado hatujaamua la kufanya na kicheko kile.

Poitier alizaliwa Miami tarehe 20 Februari 1927, lakini hakuwa mtu wa Miami. Wazazi wake, Reginald na Evelyn, walikuwa wakulima wa nyanya kutoka Cat Island, kisiwa kidogo cha Bahamas, koloni la Uingereza wakati huo. Walikuwa wamekwenda Marekani kuuza nyanya zao, mtoto akazaliwa kabla ya siku zake kutimia. Kisiwani alikokulia hapakuwa na umeme wala sinema. Filamu yake ya kwanza aliiona baada ya familia kuhamia Nassau, alipokuwa na umri wa miaka kama kumi. Ilikuwa filamu ya wachunga ng'ombe wenye bastola. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba ilipokwisha alikimbilia nyuma ya jengo akasimama kuwangoja wale watu na ng'ombe wao watoke. Shule aliisoma kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi. Alipofika miaka 15 baba yake alimpeleka kwa kaka yake huko Miami, na huko ndiko alikokutana kwa mara ya kwanza na sheria za kubagua watu kwa rangi zao. Kijana aliyekulia mahali ambapo karibu kila mtu ni Mweusi hakujua namna ya kuinamisha kichwa, wala hakutaka kujifunza. Mwaka uliofuata alikuwa New York, akiosha vyombo katika mikahawa na kulala popote palipopatikana.

Siku moja akitafuta kazi katika gazeti aliona tangazo kwamba waigizaji wanahitajika katika American Negro Theatre, kikundi cha maigizo cha Harlem. Alikwenda. Akapewa kitabu cha mchezo asome, naye akakisoma kwa kudonoa neno moja moja, tena kwa lafudhi nzito ya visiwani. Frederick O'Neal, mmoja wa waanzilishi wa kikundi hicho, alimnyang'anya kitabu, akamsukuma hadi mlangoni na kumwambia aache kuwapotezea watu muda, akatafute kazi ya kuosha vyombo. O'Neal hakujua kwamba kijana huyo alikuwa mwosha vyombo kweli. Poitier alisema kwamba neno hilo ndilo lililomchoma kuliko kufukuzwa kwenyewe, kwa sababu lilionyesha kwamba hata mtu asiyemjua ameshaona mwisho wake.

Kilichofuata kinatuhusu sisi walimu moja kwa moja. Poitier alinunua redio. Kila alipokuwa na nafasi aliketi mbele yake akawasikiliza watangazaji, na kila walichosema alikirudia kwa sauti: maneno yao, mapumziko yao, mahali walipopandisha na kushusha sauti. Alifanya hivyo kwa muda wa miezi sita hivi. Wazee wetu wengi katika nchi hizi walijifunza Kiswahili sanifu kwa njia hiyohiyo, sikio likiwa karibu na redio na mtangazaji wa London, Dar es Salaam au Cologne akiwa ndiye mwalimu pekee, kabla hatujawa na vitabu wala maabara za lugha. Wapo waliofika mbali kwa njia hiyo. Hatudhani kwamba ni njia duni.

Kusoma nako kulikuja kwa namna ya pekee. Katika mkahawa mmoja wa Queens alikokuwa akiosha vyombo palikuwa na mhudumu mzee wa Kiyahudi. Usiku mmoja baada ya kazi mzee huyo alimwona kijana amekodolea macho gazeti, akamuuliza kuna habari gani. Kijana akajibu kwamba hawezi kumwambia kwa kuwa hajui kusoma vizuri. Basi kuanzia usiku ule, kwa wiki kadhaa, wahudumu wengine walipokuwa wakila chakula chao, mzee alikaa naye wakasoma gazeti pamoja. Alimfundisha maana ya maneno, akamfundisha pia kazi ya mkato na kwa nini sentensi inapumua pale inapopumua. Hakulipwa chochote.

Poitier alirudi kwa kina O'Neal, na safari hii alipata nafasi ya kujifunza kwa sharti alilolipendekeza mwenyewe, kwamba atakuwa akifagia na kusafisha jengo. Mwaka 1946 alipata sehemu ndogo katika mchezo wa Lysistrata kwenye jukwaa la Broadway. Kwa hofu alisema maneno yake bila mpangilio, watazamaji wakacheka, na wahakiki wakadhani ni ustadi wa kuchekesha, wakamsifu.

Ili tuelewe maana ya sauti aliyojitengenezea, inafaa tukumbuke hali ya Hollywood wakati huo. Hattie McDaniel, mtu Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, aliipata mwaka 1940 kwa kuigiza kama mtumishi wa ndani, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kawaida ya Mweusi katika filamu: mtumishi, dereva, mchekeshaji. Wahusika hao waliandikiwa Kiingereza cha kuvunjika na waandishi Weupe waliodhani wanajua Weusi wanavyosema. Lugha yenyewe ilikuwa sare ya utumishi. Mwaka 1950 Poitier alitokea katika No Way Out, filamu ya Joseph L. Mankiewicz, akiwa Dakta Luther Brooks. Alisema Kiingereza kilichotulia, kila konsonanti ikiwa mahali pake. Haikuwa lafudhi ya Cat Island, haikuwa ya Harlem, wala haikuwa ya Weusi wa Kusini. Haikuwa ya Mzungu fulani pia, ingawa wapo waliosema hivyo. Ilikuwa ya kwake, ameishona mwenyewe kutokana na vipande vya redio. Baada ya kumsikia daktari yule, ilikuwa vigumu kwa mwandishi wa Hollywood kumrudisha mwigizaji huyu jikoni.

Hapa ndipo filamu zake zinapoanza kugusa bara letu. Mwaka 1951 aliigiza katika Cry, the Beloved Country, iliyopigwa Afrika Kusini, ambako yeye na mwenzake Canada Lee waliweza kuingia tu kwa kuandikishwa kama watumishi wa mwongozaji wao, Zoltan Korda. Mwaka 1957 ilitoka Something of Value, ambayo sehemu yake ilipigwa Kenya wakati hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa haijaondolewa. Poitier ni Kimani, kijana wa Kikuyu aliyelelewa pamoja na Peter, mtoto wa mlowezi, mpaka siku anapopigwa kofi na Mzungu mwingine na kukumbushwa yeye ni nani. Anaingia Mau Mau. Mwishoni Kimani anakufa, naye Peter anabaki na mtoto wake. Sisi tunaona kwamba filamu hiyo, iliyotokana na riwaya ya Robert Ruark, inaitazama vita vya ardhi kutoka barazani kwa mlowezi. Walakini ukimtazama Poitier peke yake, bila kusikiliza sana maneno aliyoandikiwa, unamwona mtu anayefahamu kofi ni nini. Alirudi Kenya miaka mingi baadaye kwa ajili ya The Wilby Conspiracy ya 1975, filamu inayohusu ubaguzi wa Afrika Kusini ambayo isingeweza kupigwa Afrika Kusini.

Kuna uhusiano mwingine ambao haumo katika filamu. Mwaka 1959 Tom Mboya alikuwa akihangaikia nauli za vijana wa Kenya waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani. Barua ya kuwaomba Wamarekani michango ilitiwa saini na watu watatu: Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte na Poitier. Mwezi Septemba mwaka huo ndege ya kukodi iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Safari zilizofuata zilichukua vijana wa Uganda na Tanganyika pia, na miongoni mwa Wakenya wa mwaka 1960 alikuwamo Wangari Maathai. Kwa mtu aliyesoma mwaka mmoja na nusu tu, kusaidia wengine kwenda chuo kikuu si jambo dogo.

Tuzo ya Oscar ya Mwigizaji Bora wa kiume aliipata tarehe 13 Aprili 1964, akiwa mtu Mweusi wa kwanza kuipata, kwa filamu ya Lilies of the Field. Ilikuwa filamu ya bei nafuu iliyokamilika kwa wiki mbili tu huko Arizona. Homer Smith, fundi anayezunguka na gari lake, anajikuta akiwajengea kanisa watawa waliokimbia kutoka Ulaya, ambao Kiingereza chao ni cha kuokoteza. Jioni anawafundisha lugha. Tunawashauri wenzetu wanaofundisha wageni waitafute filamu hiyo kwa ajili ya vipindi hivyo vya jioni tu: hana kitabu, anasema sentensi, anaigiza kwa mwili, wanarudia, wanacheka, na wanashika hata lafudhi yake. Kinachotufurahisha zaidi ni kwamba mwanafunzi wa redio sasa ndiye anayerudiwa. (Anapoimba, sauti si yake. Ni ya Jester Hairston, maana Poitier hakujaliwa sikio la muziki. Redio ina mipaka yake.)

Mwaka 1967 zilitoka filamu zake tatu, na mbili kati yake zinahusu suala moja ambalo mwalimu yeyote wa Kiswahili analijua vizuri: watu waitane nani.

Ya kwanza ni To Sir, with Love, iliyotokana na kitabu cha E. R. Braithwaite wa Guyana. Poitier ni Mark Thackeray, mhandisi aliyekosa kazi, anayekwenda kufundisha watoto watukutu katika mtaa maskini wa mashariki mwa London. Miaka kumi na miwili kabla ya hapo, katika Blackboard Jungle, Poitier alikuwa upande wa pili wa darasa, mwanafunzi mkaidi aliyemsumbua mwalimu wake. Thackeray anashindwa mpaka siku anapovitupa vitabu katika pipa la taka na kutangaza kwamba tangu sasa wasichana wataitwa kwa majina ya ukoo pamoja na neno la heshima, na yeye ataitwa kwa heshima ya mwalimu. Mambo yote yanageuka hapo. Kwa Mwingereza huenda ni jambo la ajabu kidogo. Kwetu, ambako neno Mwalimu lilimtosha hata rais wa nchi, ni jambo la kawaida kabisa.

Ya pili ni In the Heat of the Night. Virgil Tibbs, mpelelezi wa polisi kutoka Philadelphia, anakamatwa katika mji mdogo wa Mississippi kwa kosa la kuwa Mweusi mgeni mwenye pesa usiku wa mauaji. Mkuu wa polisi wa pale analifanyia mzaha jina la Virgil, anamwita "boy", na kumuuliza kwa dharau huko kwao wanamwitaje. Tibbs anajibu kwa sauti ya kukata kwamba huko wanamwita Mister Tibbs. Tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili jibu hilo walitafsiri, tukadhani ni zoezi la dakika tano. Lilimaliza kipindi kizima. Neno "boy" halikuwa na shida, kwa kuwa Kiswahili cha enzi ya ukoloni kiliwahi kulichukua: mtumishi wa nyumbani aliitwa boi hata kama alikuwa na wajukuu. Shida ilikuwa Mister. Wengi walisema Bwana, mmoja akapinga kwamba Bwana ndivyo boi alivyomwita Mzungu wake, kwa hiyo Tibbs anachukua neno la mkubwa na kulivaa, na hilo ndilo hasa analofanya. Mwingine, ambaye baba yake ni askari, alisisitiza kwamba polisi ni polisi, aitwe Afande Tibbs. Darasa lilimuunga mkono. Sisi tulibaki na Bwana, lakini tunakiri kwamba Afande ilituingia kichwani.

Katika filamu hiyohiyo kuna tukio lililozungumzwa sana. Tajiri wa pamba anampiga Tibbs kofi, na Tibbs hapohapo anamrudishia. Kumbuka Kimani na kofi lake miaka kumi kabla. Watazamaji wa mwaka 1967 walikuwa hawajazoea kuona mkono wa Mweusi ukirudi kwa kasi ile. Poitier hakukubali kupiga filamu hiyo Mississippi, kwa sababu mwaka 1964 yeye na Belafonte walipopeleka dola 70,000 kwa wanaharakati wa Greenwood walifukuzwa barabarani usiku na watu wa Ku Klux Klan. Kwa hiyo sehemu kubwa ilipigwa Sparta, katika jimbo la Illinois. Siku chache tu walikwenda Tennessee kwa ajili ya mashamba ya pamba, naye akilala na bastola chini ya mto. Filamu ilishinda Oscar ya filamu bora katika sherehe iliyoahirishwa kwa siku mbili kutokana na kuuawa kwa Martin Luther King tarehe 4 Aprili 1968. Rod Steiger, aliyeigiza kama mkuu wa polisi, alipata tuzo. Poitier hakuteuliwa hata kuigombea.

Hapo ndipo mambo yalipombadilikia. Tarehe 10 Septemba 1967 gazeti la New York Times lilichapisha makala ya mwandishi Mweusi, Clifford Mason, akiuliza kwa nini Marekani ya Weupe inampenda hivi Sidney Poitier. Hoja yake ilikuwa kwamba wahusika wa Poitier ni mtu mmoja yuleyule, safi, mpole, asiye na mke wala hasira wala ndugu, anayeishi ili kutatua matatizo ya Weupe. Tukisoma hoja hiyo leo tunaona kwamba Mason hakukosea kwa yote. Daktari wa filamu ya tatu ya mwaka ule, Guess Who's Coming to Dinner, hana kasoro hata moja, na mtu asiye na kasoro hachoshi watu kwa uovu wake bali kwa kutokuwa mtu. Lakini Mason alimhukumu mwigizaji kwa kosa la waandishi na matajiri wa studio. Kwa maoni yetu kuna jambo jingine pia. Sauti ileile iliyomfungulia mlango mwaka 1950 sasa ilisikika kama ushahidi dhidi yake. Vijana wa Harlem na Detroit walikuwa wamechoka kuombwa waseme vizuri ndipo wasikilizwe. Mwanafunzi wa lugha anachekwa akikosea, na akipatia sana anaulizwa anajifanya nani. Wanafunzi wetu wanaorudi kijijini na Kiswahili cha Unguja wanalijua hilo.

Poitier hakujibu kwa makala. Alikaa Bahamas kwa muda, kisha akarudi nyuma ya kamera. Buck and the Preacher ya 1972 aliiongoza mwenyewe, ikifuatiwa na vichekesho kama Uptown Saturday Night ya 1974, ambamo Weusi wanasemezana wao kwa wao bila Mzungu wa kutatuliwa shida. Stir Crazy ya 1980, aliyoiongoza bila kuigiza, ilipendwa sana. Wahakiki hawazitaji sana filamu hizi. Sisi tunadhani zinastahili kutazamwa upya, hasa kwa lugha yake ya mtaani yenye utani, iliyoongozwa na mtu aliyedhaniwa hana utani.

Kuhusu alichokiacha, tarehe zinatosha kusema. Baada ya 1964 ilipita miaka 38 kabla Mweusi mwingine hajapata tuzo ile ya Mwigizaji Bora wa kiume. Denzel Washington alipoipata mwezi Machi 2002, usiku huohuo Poitier alikuwa ukumbini kupokea Oscar ya heshima, na Washington alitania kwamba kwa miaka arobaini amekuwa akimkimbiza Sidney. Kuanzia 1997 hadi 2007 mtoto wa Cat Island alikuwa balozi wa Bahamas nchini Japani. Mwaka 2009 alipewa Nishani ya Uhuru ya rais wa Marekani, na rais aliyemvisha alikuwa Barack Obama, ambaye baba yake aliondoka Kenya kwenda kusoma Hawaii mwaka 1959, mwaka wa ile barua ya Mboya, ingawa hakusafiri kwa ndege ile.

Mwaka 1992 Taasisi ya Filamu ya Marekani ilimpa tuzo yake ya kazi ya maisha. Ukumbi ulijaa wakubwa wa Hollywood. Poitier aliwashukuru wengi usiku ule, na kati yao alimshukuru mhudumu mmoja mzee wa Kiyahudi wa New York, aliyetenga muda wake kumfundisha kusoma kijana Mweusi aliyekuwa akiosha vyombo. Jina lake hakulitaja.